Moja iko wapi? Mwongozo kamili wa kujifunza elektroniki na mantiki ya kidijitali ukiwa sekondari

Nilipokuwa kidato cha sita niliweza kujaza jedwali la ukweli la mlango wowote wa mantiki (saketi ndogo inayopokea 0 na 1 na kutoa 0 au 1, na jedwali linaonyesha kinachotoka kwa kila kinachoingia) kabla mwalimu hajamaliza kulichora ubaoni. Likizo ile nilikuwa nashinda kwenye kibanda cha fundi redio wa mtaani kwetu. Siku moja, kwa majivuno ya ujana, nikaanza kumsimulia habari za milango ya NAND na XOR. Alinisikiliza huku akipuliza moshi wa lehemu, kisha akanisukumia mita yake ya kupimia umeme pamoja na bodi ya redio yenye saa iliyokuwa wazi mezani.

"Haya dogo, nionyeshe hiyo moja iko wapi."

Sikuweza. Nilijua moja ya kwenye karatasi tu. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba ile 1 ya mtihani ni volti: unaweza kuigusa kwa ncha ya mita na kuisoma, na usipokuwa mwangalifu inakuwa si moja wala sifuri. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mita, si na jedwali.

Namwandikia mwanafunzi wa kidato cha tatu hadi cha sita. Tanzania, kwa muhtasari uliozoeleka, daiodi na transista hukutana nazo kwenye Fizikia ya kidato cha nne, na milango ya mantiki inakungoja kidato cha sita. Kenya, elektroniki imekuwa mada ya Fizikia ya kidato cha nne, na hesabu za binari (za 0 na 1 tupu) ziko kwenye somo la kompyuta. Lakini hakuna sababu ya kusubiri. Ukishajua kanuni ya Ohm (volti ni mkondo mara ukinzani), unaweza kuanza Jumamosi hii.

Vifaa, na pa kuvipata

Orodha ni fupi. Mita ya kidijitali ya bei ya chini. Bredibodi moja, yaani ubao wa matundu wa kuunganishia vifaa bila lehemu. Kishikio cha betri nne ndogo za volti 1.5, yaani volti 6 kwa jumla. Rezista (vifaa vya kubana mkondo) za omu 470, za kilo-omu 1, za kilo-omu 10 na za mega-omu 1, kila aina kama kumi hivi. Taa za LED nyekundu kumi. Transista tano za BC547. Aisi (IC, saketi nzima ndani ya ganda moja dogo) mbili za CD4011. Basi.

Dar es Salaam utavipata Kariakoo, Nairobi nenda Luthuli Avenue. Ukiwa mbali na miji hiyo, fundi redio wa karibu ana boksi la bodi mbovu, na rezista na LED za kung'oa humo hazikauki. Mwamkie vizuri, mwambie unajifunza, kaa umsaidie kufagia kibanda. Wengi wanafurahi kupata mtu anayeuliza maswali.

Nyaya za kuchomeka kwenye bredibodi usinunue. Omba kipande cha kebo ya mtandao wa kompyuta, ile ya kufungwa ukutani. Ndani mna nyaya nane zenye uzi mmoja mgumu, unene wake unaingia kwenye matundu ya bredibodi kana kwamba vilitengenezwa pamoja. Mita moja ya kebo inakupa nyaya za mwaka.

Kwa nini betri na si chaja ya simu? Kwanza usalama: chaja za bei poa hazitenganishi vizuri umeme wa ukutani na ule wa simu. Pili, pawabenki nyingi hujizima zinapoona mkondo mdogo, ukabaki unatafuta kosa kwenye saketi isiyo na kosa. Jambo moja zaidi, na hili silirudii: usifungue chaja wala taa ya umeme ukaanza kuchokonoa ndani, hata kama umeichomoa. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa na daiodi unafika kama volti 325 kwenye kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme) kubwa iliyo ndani, na kapasita hiyo inaweza kukaa nao baada ya kuchomoa. Bodi mbovu chukua zile ambazo fundi mwenyewe amekwisha kuzikagua.

Mita kwanza

Volti ni tofauti kati ya sehemu mbili. Kwa hiyo mita inawekwa pembeni, ncha moja huku na nyingine kule, bila kukata kitu. Mkondo ni kitu kinachopita, kwa hiyo kuupima lazima ukate njia na kuupitisha ndani ya mita. Sentensi hizi mbili zikikaa kichwani, nusu ya makosa ya maabara yameisha, hata yale ya mtihani wa vitendo.

Mimi sikuzizingatia. Nilipima mkondo, nikamaliza, nikasahau ncha nyekundu kwenye tundu la miliampia, kisha nikaenda kupima volti za betri. Kwa betri, mita iliyo kwenye miliampia ni sawa na kipande cha waya. Fyuzi ikaenda. Jizoeze kuirudisha ncha nyekundu kwenye tundu la volti kila unapomaliza, kama unavyofunga bomba baada ya kunawa.

Zoezi la siku ya kwanza: weka betri nne kwenye kishikio, ncha nyeusi ibaki kwenye hasi ya mwisho, na ncha nyekundu iguse chanya ya betri ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Betri zikiwa mpya utasoma kama 1.5, 3.0, 4.5, 6.0. Hasi ile ya mwisho ndiyo sifuri yetu. Kuanzia sasa, nikisema "volti za mahali fulani", maana yake ncha nyeusi iko pale.

Rezista na LED

LED nyekundu ikiwaka inajichukulia kama volti 2, upende usipende. Zinazobaki ni 4, na lazima zimezwe na rezista. Ukitaka mkondo wa miliampia 10, gawanya: volti 4 kwa ampia 0.01 ni omu 400. Dukani hakuna 400, iko 390 au 470. Chukua 470, mkondo utakuwa kama miliampia 8.5, na macho yako hayataona tofauti. Mguu mrefu wa LED unaelekea chanya. Ukichomeka LED bila rezista itawaka sana, kisha haitawaka tena.

Iwashe, halafu pima: volti kati ya miguu ya LED, volti kati ya miguu ya rezista. Jumlisha. Lazima upate volti za betri. Usiende mbele hadi umeona jumla hiyo kwa macho yako.

Rangi za rezista zinasumbua watu bure. Wenzetu wanaotumia Kiingereza wana vifungu vya kukariri kwa herufi za mwanzo, ila kwetu havifai: nyeusi, nyekundu, njano na nyeupe zote zinaanza na N. Njia yangu ni upinde wa mvua. Kuanzia 2 hadi 7 rangi zinafuata upinde: nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7. Chini ya upinde kuna giza: nyeusi 0 na kahawia 1. Juu yake kuna mawingu: kijivu 8, nyeupe 9. Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza. Njano, zambarau, kahawia: 4, 7, na sifuri moja, yaani 470. Kahawia, nyeusi, chungwa: elfu kumi. Mstari wa dhahabu pembeni unasema thamani inaweza kupishana kwa asilimia 5. Ukiwa na shaka, mita iko mkononi.

Daiodi nitaipita haraka. Inapitisha mkondo upande mmoja, mstari uliochorwa mwilini uko upande wa hasi, na ya silikoni hula kama volti 0.7 inapopitisha. LED ni daiodi inayotoa mwanga. Semikondakta za aina ya P na N zisome kitabuni kwa ajili ya mtihani. Kwa kazi yetu ya leo hazikusaidii kitu.

Transista: hapa ndipo ukae

Ukiwa na mwezi mmoja tu wa kujifunza, tumia wiki mbili hapa. Transista ya kwanza iliyofanya kazi ilioneshwa Bell Labs, Marekani, Desemba 1947, na simu iliyo mfukoni mwako ina mabilioni yake. Yote hayo ni swichi zinazowashana.

Shika BC547, uso ulio bapa ukutazame, miguu chini. Kutoka kushoto: kolekta, besi, emita. Angalizo: transista nyingine zenye umbo hilohilo zina mpangilio wa kinyume, kwa hiyo soma namba iliyoandikwa, usiamini umbo.

Jenga hivi. Emita kwenye hasi. Kolekta iunganishe na rezista ya kilo-omu 1, upande wa pili wa rezista uende chanya. Besi ipe rezista ya kilo-omu 10, na mwisho wa rezista hiyo uache waya mrefu. Waya huo ndio njia ya kuingilia. Kituo cha kutokea ni pale kolekta inapokutana na rezista yake, weka ncha nyekundu ya mita hapo.

Gusisha waya wa kuingilia kwenye hasi. Mita inasoma karibu 6. Hamishia kwenye chanya. Mita inaanguka hadi kama 0.1. Rudia mara kumi. Ukiweka sifuri inatoka moja, ukiweka moja inatoka sifuri. Huo ni mlango wa NOT, umeujenga kwa vitu vitatu, na lile swali la fundi umelijibu: moja iko hapa, kwenye kolekta, inasoma volti 6.

Sasa elewa kwa nini. Besi ikipata chanya, mkondo mdogo unaingia: volti 6 toa 0.7, gawanya kwa omu 10,000, ni kama nusu miliampia. BC547 inaweza kuukuza mkondo huo mara 110 au zaidi, ila rezista ya kolekta haitaruhusu zaidi ya miliampia 6. Transista inabaki wazi kabisa kama lango lililofunguliwa hadi ukutani, na kolekta inavutwa chini hadi kwenye hasi. Ndiyo maana mafundi wakiitumia hivi huiita swichi, ingawa hiyohiyo ukiipa mkondo mdogo zaidi inakuwa kikuza sauti.

Jaribio la kufungia hatua hii: ondoa rezista ya kolekta, weka mahali pake LED na rezista ya 470 kwa mfululizo. Shika waya wa besi kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono wa pili gusa chanya ya betri. LED inawaka kwa mwanga hafifu. Mkondo umepita mwilini mwako, mdogo mno hata huwezi kuuhisi, na transista imeukuza ukaonekana. Lowesha vidole, mwanga unaongezeka. Likumbuke jaribio hili, tutalirudia kwa ndoo ya maji.

Transista mbili, na neno "au" linalodanganya

Rudisha rezista ya kilo-omu 1. Chini ya transista ya kwanza weka ya pili: emita ya juu iingie kolekta ya chini, emita ya chini iende hasi. Kila besi na rezista yake ya kilo-omu 10. Sasa una njia mbili za kuingilia, A na B. Mkondo utapita tu iwapo zote mbili ziko wazi. Pima kituo cha kutokea kwa hali zote nne, uandike volti, si 0 na 1:

A hasi, B hasi: kama 6
A hasi, B chanya: kama 6
A chanya, B hasi: kama 6
A chanya, B chanya: kama 0.2

Badilisha 6 kuwa 1 na 0.2 kuwa 0. Hilo ni jedwali la NAND, na umelipima wewe. Jedwali la ukweli si kitu cha kukariri: ni daftari la vipimo lililofupishwa.

Kutoka NAND unaweza kupata milango yote mingine. Funga A na B pamoja, ni NOT. Weka NOT baada ya NAND, ni AND (NA). Weka NOT kabla ya kila njia ya kuingilia, ni OR (AU). Hili la mwisho ndilo kanuni ya De Morgan, na Kiswahili kinaieleza bila alama yoyote. Mtu akisema "si kweli kwamba Juma na Asha wamekuja", amesema nini? Juma hakuja, au Asha hakuja, au wote hawakuja. NA imegeuka AU, kila mmoja amekanushwa peke yake.

Ila AU yetu ina mtego. Mwenyeji akikuuliza "chai au kahawa?" hategemei useme vyote. Mlango wa OR unakubali vyote: ukiweka moja na moja unatoa moja. Anayekataa vyote viwili ni XOR, na kwetu yeye ni "ama... ama...". Kila nikimfundisha mtu namwambia asome OR kama "walau mmoja", na XOR kama "ama huyu ama yule". Makosa yanapungua palepale.

XOR umeshaiishi kama umewahi kukaa nyumba ya ghorofa. Taa ya ngazi ina swichi mbili, moja chini na moja juu. Ukibonyeza yoyote, taa inabadilika. Zikiwa zimeelekea upande mmoja taa imezimika, zikitofautiana imewaka (au kinyume chake, kutegemea fundi alivyofunga). Claude Shannon aliona jambo la namna hii mwaka 1937, katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili kule MIT: kwamba aljebra aliyoichapisha George Boole mwaka 1854 kuhusu kweli na uongo inaeleza sawasawa tabia ya swichi zilizounganishwa. Alikuwa na miaka 21.

Binari kwa vibaba

Hapa sitakaa sana. Bibi zetu walipima nafaka kwa binari bila kuiita hivyo: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Mtu akitaka vibaba vitano anampimia pishi moja, kisaga hakuna, kibaba kimoja: 101. Vibaba saba ni pishi, kisaga na kibaba: 111. Kila kipimo ama kimetumika ama hakikutumika, na kila kimoja ni mara mbili ya kilichotangulia. Endelea juu ya pishi kwa 8, 16, 32, nawe unajua binari. Namba 13? 8 na 4 na 1: 1101.

Aisi ya 4011

Sasa tuachane na transista moja moja. Aisi ya CD4011 ina milango minne ya NAND ndani ya ganda la miguu 14. Iweke ili lile pengo la nusu duara liwe kushoto. Mguu 1 uko chini kushoto, hesabu kwenda kulia hadi 7, kisha panda juu upande wa kulia ni 8, rudi kushoto hadi 14. Mguu 14 ni chanya, 7 ni hasi. Milango ni hii: 1 na 2 zinatoka 3, 5 na 6 zinatoka 4, 8 na 9 zinatoka 10, 12 na 13 zinatoka 11.

Dukani unaweza kupewa 74HC00 ukaambiwa "ni ileile". Ni NAND nne kweli, lakini miguu ya milango miwili ya katikati imepangwa tofauti, na haitaki zaidi ya volti 6, wakati betri nne mpya zinaweza kuzidi kidogo. 4011 inavumilia hadi 15. Ng'ang'ania 4011.

Familia hii ya aisi inahesabu kitu kuwa 0 kikiwa chini ya asilimia 30 ya volti za betri, na 1 kikizidi asilimia 70. Kwetu ni chini ya 1.8 na juu ya 4.2. Katikati ni nchi isiyo na mwenyewe. Hapo ndipo wanaoanza wanapopotelea, kwa sababu mguu wa kuingilia usiounganishwa popote hausomi sifuri. Unaelea. Jaribu: acha miguu 1 na 2 wazi, mguu 3 upitishe kwenye rezista ya kilo-omu 10 hadi besi ya transista inayowasha LED. Pitisha mkono juu ya aisi bila kuigusa. LED inaweza kuwaka, kuzima, au kumetameta, kwa kuwa mguu unaoelea unadaka umeme wa nyaya za ukutani kupitia hewani. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani aisi imekufa. Dawa ni kanuni moja: kila mguu wa kuingilia lazima uende mahali. Usiotumika upeleke hasi. Unaotoka kwenye swichi upe rezista ya mega-omu 1 kwenda hasi, ili swichi ikiachia, mguu uvutwe chini taratibu.

LED usiiwashe moja kwa moja kutoka kwenye aisi, mkondo wake ni mdogo. Tumia transista kama hapo juu.

Zoezi kubwa la hatua hii ni kujenga XOR kwa aisi moja. A iende miguu 1 na 5. B iende 2 na 9. Mguu 3 uende 6 na 8. Mguu 4 uende 12, mguu 10 uende 13. Jibu linatoka 11. Kabla ya kuwasha, jaza jedwali kwa penseli kwa kila mguu, siyo wa mwisho tu. Ukiwasha na jibu likakataa, usibomoe. Fuata miguu kwa mita kuanzia mwanzo, 3, 4, 10, hadi ukutane na volti isiyolingana na penseli yako. Kosa liko hapo au waya mmoja kabla yake. Utafutaji wa namna hii ndio ufundi wenyewe, na ndiyo sababu kompyuta peke yake haitoshi. Programu za kuigiza saketi kama Falstad, Logisim na Tinkercad ni za bure na nzuri sana kwa kujaribu wazo usiku bila betri, lakini humo waya haulegei.

Ukiwa na XOR, umebakiza hatua moja kujumlisha. Mguu 3 unakuwa sifuri pale tu A na B zote ni moja. Ule mlango wa NOT wa transista ulioujenga mwanzo uunganishe hapo, nao utatoa moja. XOR ni kibaba, NOT ni kisaga: 1 na 1 ni 10. Kuna mwanafunzi niliyemfundisha alikaa dakika nzima akiangalia LED mbili, moja imewaka na moja imezima, akasema, "Kaka, imehesabu."

Ndoo inayokumbuka

Milango yote hadi hapa haina kumbukumbu. Ukiondoa A, jibu linaondoka. Lakini fikiria simtanki ya nyumbani. Pampu inatakiwa iwake maji yakishuka chini kabisa, iendelee kujaza hata maji yakiwa nusu, izime yakifika juu, na isiwake tena hadi yaishe. Maji yakiwa nusu, pampu iwake au izime? Kwa kuangalia maji ya sasa hivi huwezi kujibu. Lazima ujue yalitoka wapi.

Tumia ndoo ya plastiki na LED badala ya pampu. (Pampu halisi ni ya umeme wa ukutani, inahitaji rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fundi umeme mwenye leseni.) Andaa nyaya tatu ndani ya ndoo: wa pamoja, unaotoka chanya kupitia rezista ya kilo-omu 10 hadi kwenye kitako; wa CHINI, ncha yake juu kidogo ya kitako; na wa JUU, karibu na ukingo. Ncha zifunge kwenye vijiko vya stenlesi, kwa kuwa shaba kwenye maji yenye mkondo wa upande mmoja huota kijani ndani ya siku chache. Waya wa CHINI na wa JUU kila mmoja apate rezista yake ya mega-omu 1 kwenda hasi. Maji yakigusa, waya unasoma moja. Pakavu, sifuri.

Sasa aisi. CHINI uende mguu 1. JUU uende 8 na 9 zilizofungwa pamoja, na mguu 10 uende 6. Mguu 3 uende 5, mguu 4 uende 2. Hapo milango miwili inaangaliana, kila mmoja ukimlisha mwenzake. Miguu 12 na 13 ipeleke hasi kwa sasa. LED na transista yake ifuate mguu 3.

Ndoo ikiwa tupu, LED inawaka. Mimina maji kidogo kidogo kwa kikombe. CHINI inalowa, LED bado inawaka. Nusu, bado. Maji yakigusa JUU, inazima. Anza kuchota. JUU inakauka, LED imezima bado. Nusu ileile ya awali, kimo kilekile, na sasa imezima. Simamisha hapo upime mguu 3, kisha 4. Volti zile mbili ndizo kumbukumbu, biti moja, yaani 0 au 1 moja iliyohifadhiwa.

Kitabuni utakuta hali ya nne ya saketi hii imeandikwa hairuhusiwi, bila maelezo. Ndoo inakueleza: ni JUU ina maji na CHINI ni pakavu, yaani maji yameelea hewani. Hayaelei, ila waya wa CHINI unaweza kukatika. Jaza ndoo hadi juu, kisha chomoa waya wa CHINI kwenye mguu 1, rezista yake ibaki. Miguu 3 na 4 yote inasoma karibu 6, LED inawaka, na kama ingekuwa pampu ya kweli simtanki ingefurika hadi jirani aje kugonga.

Mlango wa nne haukuwa na kazi. Toa miguu 12 na 13 kwenye hasi, ipeleke mguu 4, na transista ya LED ihamishe kutoka 3 kwenda 11. Katika hali za kawaida hakuna kilichobadilika. Chomoa tena CHINI ndoo ikiwa imejaa: mguu 4 ni moja, 11 ni sifuri, pampu imesimama. Na ukikatika ule waya wa pamoja je? Jaza jedwali kwa penseli kwanza, ndipo uuchomoe.